Mfinyanzi Aliyekatazwa Moto

Kila alipotaka kwenda kuchimba udongo, mfinyanzi wetu alianza kwa kupita nyumba hadi nyumba kuomba radhi. Ndivyo tulivyojua kwamba kesho anachimba. Mwanamke huyohuyo ambaye wiki nzima alikuwa amemwita jirani mvivu, mume wa jirani mlevi, na mbuzi wa jirani mwizi, alikuja mlangoni asubuhi na mapema, kitambaa safi kichwani, akasema, "Jamani, kama kuna neno nililosema, naomba liishe." Wanawake wa kilima chetu waliamini kwamba udongo haukubali mkono wenye ugomvi. Ukiuchimba una kinyongo na mtu, chungu kitapasuka motoni. Basi tulimsamehe, naye akatusamehe, hata sisi watoto ambao hatukukumbuka tumemkosea nini. Siku tatu baadaye, udongo ukiwa umeshalowekwa, aliendelea na ugomvi palepale alipouachia.

Mama yangu alikuwa akicheka na kusema heri angechimba kila siku.

Mimi nilimwita shangazi, ingawa baba hakuzaliwa naye. Ukoo wake na mwaka aliozaliwa waulizeni wengine. Mwenyewe hakupenda kuulizwa, na mimi nilimjua kwa mikono yake. Ilikuwa mikono mifupi, minene, kucha zimeliwa na kazi. Tuliishi milimani juu ya Masanze, kabla ya wakati wa vijiji vya ujamaa, nyumba moja huku na nyingine ng'ambo ya korongo. Yake ndiyo ilikuwa karibu na yetu, kiasi kwamba akipiga chafya mama alimjibu.

Alikuwa na kifafa. Nakitaja wazi kwa sababu enzi hizo watu walikitaja kwa kunong'ona, na yeye alichukia kunong'onewa kuliko alivyochukia ugonjwa.

Kabla ya kuanguka alisikia harufu ya nywele zinazoungua. Hakukuwa na nywele zinazoungua popote, ila yeye aliisikia. Alikuwa anazunguka chungu kinyumenyume, maana hakuwa na gurudumu la kufinyangia, chungu kilikaa chini naye ndiye aliyezunguka, kisha ghafla alisimama na kusema, "Nywele." Basi. Aliweka chini alichoshika, akapiga hatua tatu nne kuondoka penye vyungu, akaketi, halafu ndipo akaanguka. Alikuwa na makovu kwenye paji la uso na kidevuni, na jino moja la mbele lilikwenda na jiwe la kusagia. Lakini chungu kibichi sijamwona akivunja kwa kuanguka, hata kimoja. Nimekuwa muuguzi maisha yangu yote na bado sielewi alipata wapi zile hatua tatu.

Akizinduka hakutaka huruma. Alijifuta mdomo kwa upindo wa kanga, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Nilitoka kidogo. Nani amekunywa chai yangu?" Ole wake aliyemjibu kwa sauti ya msibani.

Watu walimkimbia. Walisema mate ya mwenye kifafa yakikugusa, na wewe umekwisha. Kanisani alikaa benchi la mwisho karibu na mlango. Hakuambiwa akae pale, ila benchi la mbele yake lilikuwa tupu kila Jumapili. Na lilikuwapo jambo jingine lililoaminiwa na wote, hata na yeye mwenyewe: kwamba mwenye kifafa akishaungua na moto, hata mara moja, haponi tena mpaka kufa. Kwa hiyo tangu utotoni alikatazwa kusogelea moto. Hakupika. Hakuota moto wakati wa baridi. Na huyo ndiye aliyechagua kufinyanga vyungu, kazi ambayo lazima iishie motoni.

Aliyesimama motoni alikuwa mama yangu. Vyungu vikishakauka kivulini, mama alivipanga juu ya kuni na magome, akavifunika kwa nyasi kavu, akawasha. Mfinyanzi alikaa mbali, kando ya ghala la mahindi, mikono magotini, akitoa amri kwa kupiga kelele. "Ongeza nyasi upande wa mlima! Huo moshi mweusi unaufurahia nini? Kile cha kushoto bado, kinanuka ubichi!" Alinusa chungu kimoja kati ya kumi na viwili, tena toka huko alikokaa. Siku moja mama, jasho linamtiririka na macho yamejaa moshi, alimjibu, "Njoo ukigeuze mwenyewe!" Mama aliendelea kugeuza kwa mti mrefu, na mfinyanzi hakutoa amri nyingine mchana ule wote. Vyungu vyote vilitoka salama, na hakuna aliyevisifu.

Mwanamke huyu alikuwa na choyo cha chumvi. Ukimwomba alikupimia kwa ncha za vidole viwili, tena vikavu. Lakini vyungu alivivunja kwa fujo. Kikishachomwa alikigonga kwa ukucha, akasikiliza, na asipopenda alichosikia alikipiga chini hapohapo, na mimi niliyeteka maji yaliyolainisha udongo huo nililia. "Kimekosa nini, shangazi?" "Kinajibu kama mtu aliyebanwa mafua." Vigae vyake alivisaga akavichanganya na udongo mpya, na kilichobaki kikubwa akalia chakula. Wanasema mfinyanzi hulia gaeni. Kwake hiyo haikuwa methali, ilikuwa chakula cha mchana.

Na methali za watu hakuzipenda. Mzee mmoja alipomwona ananichapa makofi ya mgongo kwa uzembe, alimpongeza: "Ndiyo, udongo uwahi ungali maji." Akamjibu, "Udongo ukiwa maji sana ni uji, baba. Endelea na safari."

Sasa nani angenunua chungu cha kupikia kilichofinyangwa na mtu wa kifafa? Hakuna. Basi mama alisema ni vyake. Baba alikuwa katekista, na mke wa katekista alisimama gulioni kila juma akidanganya mbele ya waumini wa mumewe. "Nimefinyanga mimi," akasema, na macho yake yakitazama miguu ya watu. Baba alilijua jambo hilo. Nilimsikia akimwambia mama kwamba Mungu naye ni mfinyanzi na hakuandika jina lake kwenye kisogo cha mtu. Sikumbuki kama mama alifarijika. Nakumbuka nyumba zote za kilima kile zilipikia vyungu vya mtu waliyemkimbia.

Mwaka wa Uhuru ilikuja taarifa kwamba inatakiwa mitungi mikubwa ya maji ya kunywa kwa ajili ya sherehe pale Kilosa. Mfinyanzi alifanya kazi kwa mwezi mzima. Ilikuwa mitungi ya kunifika mimi kifuani, mabega mapana, shingo zimetiwa nakshi kwa gunzi la mahindi na kwa mwiba. Alianguka mara nyingi mwezi ule kuliko kawaida, kwa kuwa hakulala vizuri, na kila mara alipozinduka alitambaa kwanza kuutazama mtungi. Siku yenyewe tulikwenda wote. Watu walikunywa maji, mkubwa mmoja wa serikali akauliza nani amefinyanga mitungi mizuri namna hii, na mama akasukumwa mbele akapewa doti ya kanga mpya. Uwanja ukapiga makofi. Mfinyanzi alikuwa kando yangu na yeye akapiga makofi, kwa nguvu, mpaka nikamtazama. Sijui alifikiri nini. Nilikuwa mtoto na nilidhani anafurahi.

Mama alimpelekea zile kanga jioni hiyohiyo, zote mbili, bado zimekunjwa. Alizipokea. Kesho yake tulikuta amezilowesha na kufunikia vyungu vibichi. "Zinatunza unyevu vizuri," alisema.

Palikuwa na mahali pamoja tu alipouza kwa jina lake, nako ni Mikumi. Tulishusha matenga ya vyungu, yaliyojazwa nyasi, tukapanda treni toka Kilosa, na kule tukavipanga kando ya barabara ya Iringa. Wasafiri hawakumjua. Madereva wa malori waliposimama kununua, mama alirudi nyuma kidogo, akamwacha asimame yeye.

"Hivi vimetoka wapi, mama?"

"Vimetoka hapa," akajibu, akionyesha viganja vyake. "Nimefinyanga mimi."

Aliwaambia hata ambao hawakuuliza. Alimwambia mtu aliyesimama kujisaidia. Mama alitazama pembeni akicheka, na nadhani alikuwa akilia pia, maana alijifuta. Tulikwenda mara kadhaa hivyo, mpaka siku aliposema "Nywele" akiwa amesimama na dereva mmoja mpole aliyekwisha kulipia mtungi. Aliuweka mtungi chini. Akapiga hatua zake. Alipozinduka, yule dereva alikuwa ameurudisha mtungi kwenye safu, ameuweka taratibu kabisa usipate ufa, na ameondoka bila kudai chochote. Afadhali angetukana. Kwenye treni mfinyanzi alisema mara moja tu, "Alikuwa mtu mzuri," na kwa miaka mingi hakurudi Mikumi.

Kisha wakati wa vijiji ukaja, nasi tukashushwa bondeni. Siwezi kusema yote yalikuwa mabaya. Kijiji kilileta shule, kikaleta zahanati, na zahanati ndiyo iliyonipa mimi kazi nilipomaliza mafunzo ya uuguzi. Lakini nyumba zilipangwa kwa safu, na yake ikawa katikati ya safu, mlango wake ukitazamana na bomba la maji. Kule mlimani alianguka mbele ya mama yangu na kuku. Hapa alianguka mbele ya kila mwenye ndoo. Na udongo ulibaki kule juu, mwendo wa nusu siku kwa mtu mwenye mzigo. Mara ya kwanza alipotaka kwenda kuchimba alianza kuomba radhi kama kawaida yake. Alimaliza safu ya kwanza na ya pili, akasimama akazitazama zilizobaki, akaketi chini kivulini mwa nyumba ya mtu asiyemjua. Nilimkuta pale. "Wamekuwa wengi," alisema. "Sijui hata nimegombana na nani."

Mama alifariki mwaka wa pili wa kijiji, kwa homa ya mapafu. Baada ya arobaini mfinyanzi alikuja zahanati. Alikaa kwenye benchi akasubiri zamu yake kama wagonjwa wengine, na alipoingia hakukaa kitini.

"Nina vyungu kumi vimekauka," alisema. "Nataka mtu wa kusimama motoni. Kusimama tu. Kelele nitapiga mimi."

Nilikuwa peke yangu katika zahanati ile. Nje kulikuwa na kina mama na watoto wao wa kupimwa uzito, na wengine walikuwa wametembea tangu alfajiri toka upande wa Tindiga. Hayo ni kweli. Ni kweli pia kwamba moto ule ulikuwa kazi ya mchana mmoja kwa mwezi, na kwamba nilikuwa na Jumamosi. Lakini nilikuwa kijana, nina sare nyeupe, nina kabati lenye dawa, na niliona ninacho kitu bora kuliko kusimama. Nikamwambia, "Shangazi, siku hizi kuna dawa ya ugonjwa huu. Ukiitumia hutaanguka. Utasimama motoni mwenyewe."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Aliondoka na vidonge vyeupe ndani ya karatasi iliyokunjwa. Na kweli hakuanguka. Wiki ya kwanza, ya pili, mwezi. Mwenyekiti wa kijiji alinipongeza mkutanoni, akasema kiundwe kikundi cha ufinyanzi na mama huyu awafundishe wenzake. Benchi la mbele yake kanisani likapata mtu. Alichoma vyungu vyake kwa mkono wake mwenyewe, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na mimi nilikwenda kutazama. Alishika mti mrefu wa mama. Alikuwa anatabasamu kidogo, akipepesuka kwa usingizi. Vyungu vilipotoka havikuwa vyake. Vilikuwa vizito, kuta nene, midomo imelegea upande mmoja. Wanakijiji walivisifu. Alikigonga kimoja kwa ukucha, akasikiliza, na safari hii hakukivunja. Alikiweka tu chini.

"Dawa yako inanifunika blanketi kichwani," aliniambia. "Mikono yangu naisikia iko chumba cha pili."

Nilimwambia atazoea. Daktari alikuwa mbali, Kilosa, na kupunguza dozi niliogopa, kwa kuwa nilifundishwa kutoa dawa, sikufundishwa habari za vyungu.

Miezi michache baadaye niliingia nyumbani kwake bila kubisha, nikakuta vyungu vitano vibichi vimepangwa ukutani. Vilikuwa vyembamba, mabega yamenyanyuka, vimesimama kama watu waliosikia jina lao likiitwa. Vilikuwa vizuri kupita mitungi ya Uhuru. Nilielewa papo hapo. Nilitafuta, na nikavikuta vidonge vya majuma matatu ndani ya kibakuli chini ya kitanda.

Tuligombana. Majirani walisikia.

"Unataka kufa, shangazi?"

"Nataka kufinyanga. Kufa sijakutajia."

"Utaanguka motoni!"

"Nilikuomba usimame."

Ndipo nikafanya jambo ambalo ningelifuta kama ningeweza. Nilimshika mkono, nikamtoa nje, nikampeleka makaburini mpaka kwa mama, nikamwapisha pale juu ya udongo wa kaburi kwamba atameza dawa yangu kila siku, mpaka mimi niliyemwapisha nimwambie basi. Nilijua ninachokifanya. Huyu mtu alikuwa mgomvi, mchoyo, mwenye ulimi, lakini neno lake hakulivunja hata siku moja. Aliapa. Vile vyungu vitano hakuvichoma. Alivimwagia maji vikarudi kuwa matope, na kikundi cha ufinyanzi kikafa kabla ya masika.

Nilihamishwa. Nilifanya kazi Kilosa mjini, kisha Morogoro, nikaolewa, nikazaa. Kila mwaka nilipata salamu kwamba mzima, haanguki, amekwenda kukaa na mpwa wake. Niliwasimulia wanafunzi wangu wa uuguzi habari zake kama mfano wa mgonjwa anayefuata masharti.

Nilimwona tena Mikumi, wakati watu walikuwa wameanza kurudi mmoja mmoja kwenye mashamba yao ya zamani na hakuna aliyewazuia. Mpwa wake alikuwa fundi wa matairi, na nyumba yao ilikuwa nyuma ya gereji. Nilimkuta uani anamenya karanga kwenye ungo. Alikuwa amenenepa. Makovu ya uso yamefifia, ngozi laini, mzee mwenye afya njema. Sufuria za mke wa mpwa zilikuwa zimeanikwa juani kwenye kichanja.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, nesi."

Hakuniita mwanangu. Niliketi. Tulimenya karanga pamoja tukiulizana habari za waliokufa. Vidole vyake vilikwenda polepole, na kila punje aliitazama kama anayetafuta jina lake. Kisha akafuta mikono, akainuka, akaenda kwenye kona ya ua akafunua gunia lililoloweshwa. Chini yake palikuwa na donge la udongo wa kijivu, limekandwa vizuri.

"Upo nyuma ya stesheni," alisema. "Nimeuonja. Si kama wa kwetu, lakini unakubali." Akalifunika tena. "Mpwa wangu amekubali kusimama motoni. Nimemwomba mwenyewe, akasema hakuna neno, shangazi, Jumapili sina kazi. Nataka wiki tatu bila dawa. Chungu kimoja. Aliyenifunga ni wewe, na mimi nimesubiri uje unifungue."

Miaka kumi na zaidi alikuwa amesubiri. Angeweza kuacha siku yoyote, hakuna aliyekuwa anamlinda. Nilimweleza, kwa upole, kwa maneno mepesi, kwamba mwili ukishazoea dawa hii miaka mingi hauachi ghafla. Kwamba anayeacha ghafla huweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka. Kwamba katika umri wake hatatoka salama. Nilimwambia nitazungumza na daktari Morogoro, labda ipunguzwe kidogo kidogo, labda mwakani. Yote niliyosema yalikuwa kweli. Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha upande mmoja.

"Kwa hiyo hapana."

"Hapana, shangazi. Siwezi."

"Haya."

Alimwita mke wa mpwa, akaomba maji. Akafungua fundo la kanga yake, akatoa kidonge cha siku ile, akakiweka juu ya ulimi, akanywa. Kisha akanigeukia, na bila mimi kumwomba, akafungua kinywa wazi, akainua ulimi, nione kwamba amemeza.

Nami nikatazama. Mungu anisamehe, niliinama nikatazama vizuri.